Kapita Aliyepima kwa Salamu

Ukitoka gatini kupanda kwenda soko la Kamembe, kuna mahali njia inapinda kama kiwiko, na ndani ya kiwiko hicho kuna jiwe pana la kukaa watu wawili, watatu wakipendana. Hapo ndipo Kapita, msimamizi wa wabebaji, aliposimama miaka yote niliyomjua, mwavuli mweusi umekunjwa kwapani, mvua inyeshe au isinyeshe, akiwasalimu watu waliobeba magunia yangu.

Mgeni angedhani ni mzee mwenye adabu nyingi na kazi kidogo. Hata mimi nilidhani hivyo mwanzoni, na mimi ni mtu ninayehesabu kila kitu mara mbili kabla ya kudhani chochote. Mbebaji, ambaye kwetu tunamwita karani ingawa kalamu hana, alipofika kwenye kiwiko na gunia mgongoni, Kapita alimwambia, "Asalaam aleikum." Karani akijibu jibu lote, wa aleikum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mpaka mwisho, Kapita alisogea pembeni na safari ikaendelea. Jibu likikatika, Kapita alinyoosha mwavuli kuelekea jiwe na kusema neno moja tu: "Ikala." Mtu anatua mzigo, anakaa. Hakuna kujitetea. Anakaa mpaka jibu limrudie, analisema lote, anajitwika, anakwenda.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha kazi. Makapita wa depo nyingine pale ziwani walipima kwa safari, wengine kwa kilo, wengine kwa jasho, kana kwamba kuna mtu asiyetoka jasho Kamembe. Yeye alipima pumzi iliyobaki. Mara moja tu alinidokezea sababu: zamani, alipokuwa akifanya kazi ng'ambo, Bukavu, aliwahi kumwona mbebaji akianguka uso chini wakati miguu yake bado inatembea. Nilipouliza zaidi, akaniuliza bei ya maharagwe.

Makarani Wakristo, wengi wao watu waliokulia Kongo wakarudi, hakuwalazimisha salamu ya msikitini. Aliwauliza habari tatu: ya maman, ya batoto, ya shamba. Kila habari ilidai jibu lake. Aliyesema "njema" moja akitumaini itatosha zote tatu, jiwe lilikuwa linamngoja. Baada ya muda wengi wao walijifunza salaam yote, wakasema ni nyepesi kuliko kueleza habari za shamba.

Sasa mimi huuza maharagwe. Yanakuja kwa boti kutoka kaskazini mwa ziwa, yanashushwa gatini, na kutoka hapo hakuna gari linalopenda ile njia. Karani analipwa kwa safari. Gunia likijazwa mpaka shingoni, safari zinapungua, na hesabu iliyobaki hata mtu aliyelala anaiweza. Kwa hiyo nilikuwa nikiyajaza, nikiyashindilia kwa goti, nikiyashona mdomo kabla hayajapata nafasi ya kulalamika. Siku ya kwanza Kapita alishuka mpaka gatini, akashika gunia langu pembe moja, akalinyanyua kidogo, akaliachia.

"Hii gunia haina salamu ndani, Maman Maharagi."

Nikamwambia mimi nimetia maharagwe tu. Salamu sijui zinauzwa wapi.

"Basi punguza maharagi. Salamu itapata nafasi."

Nilijaribu bei. Nilisema tupunguze nusu ya kilichozidi, akasema hapana. Nikasema robo, akasema hapana. Nikasema basi tuliache kama lilivyo, nikitumaini kwamba amechoka kusema hapana. Hakuwa amechoka. Nimebishana na wauza mchele wa Bugarama, nimebishana na wanawake wa mpakani wanaoweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyekuwa na hapana nyingi hivyo za akiba.

Hasira hakuwa nayo, lazima niseme. Kuna asubuhi niliyahesabu magunia yangu, nikakuta moja limepungua. Nikahesabu tena, limepungua. Nikaanza kuwaita makarani majina ambayo maman wao hawakuwapa. Kapita alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba kwa upole nisimame. Nilisimama. Nilikuwa nimelikalia. Hakuwahi kulitaja jambo hilo tena, isipokuwa kila asubuhi aliponiona.

Wajanja walijaribu kukifanyia kipimo biashara. Karani asiyetaka kazi, au aliyetaka kusikiliza mpira kwenye simu ya mwenzake, alifika kwenye kiwiko akijikunja, akajibu nusu ya salaam, akalitazama jiwe kwa upendo. Kapita aliwarudisha njiani bila hata kunyoosha mwavuli. Niliuliza anawajuaje.

"Muntu mwenye amechoka kweli anakatika katikati ya neno," alisema. "Mwongo anakatika kati ya neno na neno. Iko na adabu, anamaliza neno kwanza."

Tangu siku hiyo makarani wote waliijua tofauti, na mimi pia. Nimeitumia sokoni kwa wanaoniambia hawana tena pesa mfukoni, na haijawahi kunidanganya.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, kama kila mtu anayestahili kukumbukwa. Aliwakataza makarani kukimbia wakishuka, akisema kushuka ndiko kunakokula magoti, lakini boti ikipiga honi alishuka yeye mwenyewe kama mtu anayefukuzwa na deni. Aliwagombeza kwa soda, halafu chai yake ilikuwa na sukari ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani yake bila kushikwa. Na jiwe lenyewe, ambalo kila asubuhi alilipangusa kwa kitambaa kama kiti cha wageni, sikuwahi kumwona amelikalia. Alipanda na makarani, alishuka na makarani, alirudi kwenye kiwiko, alishuka tena kuangalia magunia ya watu kama mimi. Watu walimtania kwamba yeye ndiye pekee pale anayelipwa kwa kusema salaam.

Kipimo chake kilikosea mara moja, na lilikuwa kosa kubwa. Alikuja karani mpya kutoka Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe, mtu mrefu mwenye mabega kama mlango. Kapita akamuuliza habari ya maman. "Sawa." Ya batoto? "Sawa." Ya shamba? Akatikisa kichwa tu. Ikala. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Wenzake wanapanda na kushuka, yeye yuko juu ya jiwe kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Jioni wanalipwa, yeye anapata kidogo mpaka mimi, ambaye si mtu wa huruma za haraka, nikaona ni bei mbaya.

Siku moja karani mwingine aliteleza karibu na jiwe. Yule wa Bweyeye, akiwa amekaa, alinyoosha mkono mmoja, akalidaka gunia kabla halijafika chini, akaliweka taratibu kando yake. Kifua chake hakikuongeza hata pumzi moja. Kapita aliliona. Akamwita mtu aliyetoka naye Bweyeye, akauliza huyu ana nini. Akaambiwa hana kitu. Kule kwao mtu anatembea asubuhi mpaka jioni asikutane na mtu wa kumsalimu, na huyu hata paroko humjibu kwa kichwa.

Basi Kapita aliwasimamisha wote, akamwomba msamaha mbele yao, kwa sababu mbele yao ndipo alipomkalisha. Kisha akamuuliza kuna kitu gani anachoweza kufanya kwa mdomo bila shida. Yule mtu akafikiri, akapiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa ndege fulani wa msituni, mrefu, unapanda, unashuka, unapanda tena. Boda wa pale juu barabarani alizima pikipiki asikilize.

"Weye nitakupima kwa huo," Kapita akasema. "Ukikatika, unaikala."

Haukukatika. Sijui ni kwa miaka mingapi nimesikia ndege yule akipanda na maharagwe yangu.

Halafu zikaja bangili. Mradi mmoja wa afya ulimtuma muuguzi, mwanamke mchangamfu ambaye makarani walimwita Dokta ingawa aliwaambia mara kadhaa kwamba siye. Alileta bangili nyeusi za mpira, kila moja na kijidude ndani, kupima mwili wa mtu unahangaika kiasi gani kazini: anatembea vipi, anapumzika lini, moyo unakimbia namna gani. Zivaliwe siku za kazi, zirudishwe. Nilimuuliza kama zinawapima pia wafanyabiashara wanaohangaika kwa mdomo. Akacheka, akasema bangili hazitoshi.

Makarani walizipokea kama wanavyopokea kila kitu cha bure. Mmoja alimwazima boda rafiki yake, na bangili ile, baada ya kutwa nzima ya mashimo ya barabara ya Gashonga, ilitangaza kwamba mwenye nayo ndiye aliyefanya kazi nzito kuliko wote, akiwa amekaa. Muuguzi aliigundua kwa sababu mtu huyo alionekana akifanya kazi kwa mwendo ambao binadamu hana. Wengine walizivua kwa udhu, wakazisahau msikitini, zikapimwa zikiswali peke yake. Lakini nyingi zilikaa mkononi. Kapita alikataa kuvaa mpaka muuguzi alipomwuliza ni kipimo gani kinachopima wengine tu. Swali hilo lilimpata. Akanyoosha mkono.

Wakati alipowaangalia wakipita kwenye kiwiko, muuguzi alipenda ile salamu. Alisema kule alikosomea nao hufundishwa kumsemesha mtu anayefanya kazi ngumu, wasikilize anajibuje. Hakujua kwamba inaweza kufanywa kwa adabu hivi. Kapita akajifanya hakusikia, na akapangusa jiwe lililokuwa safi.

Majibu yalipokuja, muuguzi alitaka kumwita kila mtu pembeni. Kapita akasema lake lisemwe hadharani, kwa kuwa yeye naye hapimi watu pembeni. Kwa hiyo tulikuwepo wote mbele ya depo, mimi nikiwa na shughuli zangu ambazo ghafla zilihitaji kufanyiwa hapo hapo.

"Mzee, hapa weye njo unatembea kuliko bote," muuguzi akasema.

Makarani walipiga makofi kusikia kwamba ndiye anayetembea kuliko wote. Kapita akarekebisha kofia yake, akanitazama mimi hasa, kwa sababu mimi hasa ndiye niliyekuwa nikisema analipwa kwa kusema salaam.

"Lakini moyo wako unafanya kazi ya mtu mwenye gunia," muuguzi akaendelea, sauti imeshuka. "Na mikono yako iko mitupu."

"Miye sibebi kitu."

"Unabeba huu mlima, Mzee. Uutue."

Akamwandikia aende hospitali. Alikwenda. Walimpa vidonge, na wakamwambia yale yale: asipande tena ile njia. Vidonge alivimeza. Maneno hakuyameza. Kesho yake alikuwa kwenye kiwiko.

Nilimfuata kwenye kibanda cha chai. Nilimwambia moyo si mali ya kuuza kwa bei ya jumla. Alikoroga sukari yake muda mrefu.

"Nikitoka pale, Patron ataweka muntu wa kuhesabu safari," alisema, akimtaja mwenye depo. "Jiwe litakuwa jiwe tu. Na weye utakuwa wa kwanza kujaza gunia."

Nilimwambia si kweli, nitakuwa wa pili. Muuza mkaa yuko karibu na gati kuliko mimi. Alicheka, lakini nikaona kwamba hakuwa akitania. Hakuogopa kufa, au kama aliogopa, hakuniambia mimi. Aliogopa kwamba kile alichokijenga kwa miaka kilisimama juu ya miguu yake tu, na siku miguu ikikaa, kitakaa nayo, na mtu fulani ataanguka uso chini akiwa bado anatembea.

Ilichukua wiki chache. Asubuhi moja nilikuwa nikipanda nyuma ya magunia yangu, nayahesabu migongoni mwa watu, na Kapita alikuwa mbele yangu akirudi kutoka gatini. Alikuwa akitembea taratibu, akisimama kila mahali palipokuwa na kitu cha kutazama, na alitazama vitu ambavyo havikustahili. Kwenye kiwiko tulikuta makarani wamesimama. Yule wa Bweyeye alikuwa ametua gunia, amesimama mahali pa Kapita, kando ya jiwe.

Kapita alifungua mdomo, bila shaka amuulize kwa nini safari imekwama. Yule mtu akamtangulia.

"Asalaam aleikum, Kapita."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Hata waliokuwa na mizigo walisahau kwamba wana mizigo. Kapita akanyooka, akajibu kama kawaida yake, kwa sauti ya mtu anayetoa mfano.

"Wa aleikum salaam wa rah..."

Ikakatika. Akameza mate, akaanza upya kutoka mwanzo, na safari hii ikakatika mapema zaidi, ndani ya salaam yenyewe. Ilikatika katikati ya neno, na wote pale tulikuwa tumefundishwa na yeye mwenyewe maana yake.

Yule wa Bweyeye hakuwa na mwavuli. Akanyoosha mkono kuelekea jiwe.

"Ikala, Kapita."

Nilimtazama mzee usoni. Nimeishi kwa kutazama nyuso; najua jinsi uso unavyokaa kabla ya kubishana na jinsi unavyokaa kabla ya kukubali. Ule wake ulianza kama wa kubishana. Akamtazama yule mtu, akatutazama sisi mmoja mmoja, akalitazama jiwe alilolipangusa saa moja iliyopita. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemwonea huruma kwa sauti.

"Njo sheria," akasema.

Akakaa. Yule wa Bweyeye alimpokea mwavuli kwa mikono miwili, akausweka kwapani, akageukia foleni, na kwa kuwa maneno ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuyatumia, akapiga mluzi. Makarani wakatazamana. Kisha wa kwanza akajibu kwa mluzi, mbaya sana, lakini mzima. Akapita. Wa pili akapita. Wa tatu mluzi ulimkatikia, na mzee, bila kuambiwa na mtu, akasogea ili karani yule apate nafasi pembeni yake.

Jibu lake lilipomrudia, Kapita alilisema lote, akainuka, akapakiwa kwenye pikipiki kwenda nyumbani. Hakusimama tena kwenye kiwiko.

Patron kweli alitaka kuweka mtu wa kuhesabu safari. Makarani wakamwambia wanaye mtu tayari, na kama hamtaki, magunia yanaweza kujibeba. Patron alingoja siku moja aone. Hayakujibeba.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipokatika, nilikwenda kumwona Kapita nyumbani kwake, kule juu nyuma ya msikiti. Sitasema nilikwenda kumjulia hali tu. Nilikuwa na malalamiko. Kapita mpya alikuwa amelirudisha gunia langu gatini, akalinyanyua pembe moja, akaliachia, akapiga mluzi mfupi ambao haukuhitaji kutafsiriwa. Nilisema nusu, akatikisa kichwa. Nilisema robo, akatikisa kichwa. Na mtu asiyesema huwezi kumchosha kwa maneno, nimejaribu. Nilitaka mzee amwite, amweleze kwamba mteja wa siku nyingi ana haki zake. Nikachukua kafuko ka maharagwe mekundu, yale yanayoiva haraka, kama zawadi na kama ushahidi, nikapanda.

Ile njia ya kwake ni fupi lakini imesimama wima kama ukuta, na mimi si msichana. Nilimkuta kwenye benchi mbele ya mlango, amenenepa kidogo, ana kikombe cha chai aliyodai haina sukari. Aliponiona bado niko hatua chache chini alitabasamu, na kabla sijafungua kinywa akanitangulia.

"Asalaam aleikum, Maman Maharagi."

"Wa aleikum salaam wa rahma..."

Basi. Lilibaki hapo, na mimi nikabaki nalo, kafuko mkononi, malalamiko yote yamepangwa vizuri nyuma ya meno na hakuna upepo wa kuyatoa. Nilitaka angalau kumwambia kwamba sijachoka. Halikutoka pia.

Mzee alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Ikala."

Nikakaa. Alichukua kafuko kutoka mkononi mwangu, akakashika pembe moja, akakanyanyua kidogo, akakaweka magotini.

"Na hako ni kafuko tu," akasema.

Kutoka chini, upande wa ziwa, ukasikika mluzi, unapanda, unashuka, unapanda tena, na mwingine ukaujibu, mbovu lakini mzima. Kapita aliinamisha kichwa mpaka ukafika mwisho. Mimi nilingoja pumzi. Ilipokuja, nikaichukua salamu pale pale ilipokatikia, "...tullahi wa barakatuh," nikaimaliza, na habari ya gunia sikuitaja.